Shanga za Hewani

Ada ya tuisheni ya abakasi nimeilipa kwa pesa ya gesi, ndiyo maana mwezi ule tulipikia makumbi. Mama yake mtoto ndiye aliyesikia kwamba hapa Bububu watu wanapeleka watoto kujifunza hesabu za kichwani. Nikauliza: kwani zile tulizosoma sisi zilikuwa za magotini? Sikujibiwa.

Mwanangu, miaka minane, akarudi na fremu ya plastiki. Kila kijiti kina shanga tano: moja juu ya ubao wa katikati, nne chini yake. Ya juu ni tano, za chini ni moja moja. Wajapani huiita soroban. Una tatu, unataka kuongeza nne? Chini imebaki shanga moja, haitoshi. Basi unateremsha ile ya tano, kisha unarudisha moja. Nikamwambia hiyo naijua: unakopa elfu tano kwa jirani, jioni unamrudishia elfu moja akuone mwaminifu. Hakucheka.

Mwalimu akatuita wazazi, akatusimulia kuwa mwaka 1946 kule Tokyo, Kiyoshi Matsuzaki na soroban yake walishindanishwa na askari wa Kimarekani mwenye mashine ya umeme, na Mjapani akashinda nne kwa moja. Wenzangu wakapiga makofi. Mie nilikuwa napiga hesabu ya ada ya mwezi wa pili.

Hivi hapa kwetu hesabu za kichwani hazipo? Nenda barazani baada ya alasiri ukawatazame wazee wa bao. Mashimo 32, kete 64, na mzee aliyesahau miwani nyumbani anatupa jicho mara moja tu, keshajua kete ya mwisho itaangukia wapi. Huyo nani kamlipia tuisheni?

Mwezi wa tatu fremu ikatupwa uvunguni. Siku hizi shanga anaziona kichwani, vidole vinacheza hewani, gumba na cha shahada, mbele ya sahani ya wali, mbele ya wageni. Ndani ya daladala ya 502 bibi mmoja alimtazama tangu Darajani, mwisho akaninong'oneza: "Baba, mtoto ushampeleka kusomewa?"

Yote hayo nilivumilia. Jumamosi tukaenda dukani kulipa deni. Muuza duka akafungua daftari, akasoma kwa sauti: elfu tatu na mia tano, elfu nne na mia nane, elfu mbili na mia saba, elfu sita, elfu moja na mia tisa. Akajumlisha kwa kalamu, akanong'ona, akakuna sikio, akatoa jumla: elfu kumi na nne na mia tisa.

Mie nilijua kakosea. Nilitoa pochi upesi kuliko siku zote.

Pembeni yangu nikaona vidole vinacheza. Nikamkanyaga mguu. "Mjomba," akasema, sauti kavu kama ya hakimu, "ni kumi na nane na mia tisa."

Elfu nne zangu! Muuza duka akarudia hesabu, akacheka mpaka akashika meza, akamsifu mtoto, akampa pipi.

Jana nimelipitia daftari. Juu kabisa, ukurasa mpya: pipi moja, shilingi mia. Jina ni langu.