Bunduki ya Mwenye Kuona Mbali

Tumpongeze mlenga shabaha mpya, aliyenunua bunduki ya kufikisha risasi mita 1,000 kabla hajaitoboa karatasi ya mita 50. Wakongwe, watu wa wivu, walimnong'oneza aanze na bunduki ndogo ya .22 ya kuazima klabuni: risasi zake rahisi, haina teke, na kila kosa la pumzi au kidole huonekana palepale. Kosa kuonekana! Nani atoe fedha yake kununua fedheha? Hii yake ina mshindo wa harusi. Hata ikikosa, mtaa mzima unajua bwana ameshiriki.

Na darubini yake! Inakuza hadi mapigo ya moyo wake. Wale wa Olimpiki wanaolenga mita 10 kwa bunduki ya upepo hawaruhusiwi darubini, maskini, na duara lao la alama kumi lina upana wa nusu milimita. Paris 2024, Yusuf Dikeç wa Uturuki alishika bastola kwa miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni, akaambulia medali ya fedha ya timu mchanganyiko. Umaskini wa vifaa huo.

Bwana wetu sasa anaagiza kitako kipya. Cha zamani, amegundua, kinapinda risasi.