Yah: Ombi la Mashine za Risiti kwa Chui na Simba

Mheshimiwa Mshughulikia Kifuta Jasho,

Sisi wafugaji wa Siha, huku magharibi mwa Kilimanjaro, hatujambo, isipokuwa mbuzi.

Fomu zetu za kuomba kifuta jasho kwa mifugo iliyoliwa na wanyamapori zimerudi tena. Umeandika kwamba hazithibitishi kuwa aliyekula ni chui, si fisi wala mbwa wa jirani. Ni kweli, marehemu hawakuacha maelezo.

Kwa hiyo tunaomba chui na simba wagawiwe mashine za risiti, zile za EFD. Mabango ya serikali yanatuhimiza tudai risiti kwa tunachonunua; basi tupewe na ya tunachoporwa. Mashine ifungwe shingoni, kwani simba wa watafiti wameshazoea mikanda. Kabla ya kutoka zizini, mnyama abonyeze kwa ukucha: tarehe, saa, namba ya mlipakodi, uzito wa mbuzi kabla ya kuliwa. Mtandao ukikatika, na huku hukatika, asubiri palepale hadi urudi, tutamwekea kigoda. Karatasi iwe ya wino usiofutika, maana hizi za kawaida zitakuwa nyeupe kabla faili halijafika Dodoma.

Mengine ni madogo. Ng'ombe wetu waliambiwa wavae hereni za kielektroniki. Chui naye apewe kitambulisho. Chuo cha Mweka, kinachofundisha uhifadhi tangu 1963, kianzishe somo la mwandiko kwa fisi. Na wanaojiuliza yule chui aliyekutwa amekauka karibu na kilele cha Kibo mwaka 1926 alifuata nini kule juu, sisi tunajua: alikuwa anafuatilia faili.

Mheshimiwa, akifa simba, gari la doria linafika damu haijakauka na vijana wetu wanalala mahabusu. Akifa ng'ombe, gari halina mafuta. Mtaalamu anakuja mzoga umeshaisha, halafu anatuuliza ushahidi uko wapi! Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa ada ya shule. Mnasema simba ni wa dunia nzima. Mbona anayemlisha ni mjane wa Ngarenairobi peke yake?

Utuwie radhi, tumepaza sauti.

Kama mashine zina gharama, basi mwenyekiti wa kitongoji akishaona mzoga na nyayo, neno lake litoshe, na malipo yatoke mwezi huohuo. Wapo waliochoka kusubiri, na wanajua sumu inauzwa wapi. Tunawazuia kila siku, na kazi hiyo haina fomu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Wafugaji wa Siha