Sifa za Dumu la Njano

Mnazi umesifiwa vya kutosha. Jahazi limeimbwa tangu enzi za mababu, Kilimanjaro umepigwa picha mpaka theluji inapungua, na kila kiongozi aliyewahi kufungua bomba la maji ameachiwa jiwe la marumaru lenye jina lake. Dumu la njano la lita 20, ambalo lilikuwapo pale kabla kiongozi hajafika na likabaki pale bomba lilipoanza kutoa upepo, halijapata hata ubeti mmoja. Nusu ya Dar es Salaam imenyweshwa, imeogeshwa na kupikiwa na dumu hilo, kisha ikalitupa uani likalala chali. Huo ni utovu wa fadhila, na leo naulipia deni.

Nianze na ukoo, kama ilivyo desturi kwa mtu wa heshima. Babu yake wa upande mmoja ni mkebe wa petroli wa jeshi la Ujerumani, uliobuniwa miaka ya 1930. Waingereza waliuteka huko Afrika Kaskazini wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakaulinganisha na makopo yao yaliyokuwa yakivuja njia nzima, wakaona haya kidogo, wakauiga. Upande wa pili lipo debe la mafuta ya taa, lile la bati lililopachikwa kijiti cha kushikia, lililobeba maji ya uswahilini kwa miaka mingi mpaka kutu ikalimaliza. Debe lilikuwa na makelele, na kwa makelele hayo likajipatia methali. Dumu liko kimya, ndiyo maana wenye methali wamelipita.

Lenyewe haliji mjini kwa ajili ya maji. Linakuja limejaa mafuta ya kula, na mengi ya mafuta hayo ni mawese kutoka Malaysia na Indonesia, kwa sababu alizeti na michikichi yetu bado haijaweza kuyashibisha masufuria yetu. Mkaanga chipsi akimaliza mafuta, dumu linaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, linauzwa, na hapo ndipo linapoanza kazi yake ya kweli. Tazama uchumi ulivyojipanga wenyewe: upungufu wa mafuta unatuzalia chombo cha kubebea upungufu wa maji. Sijui wizara iliyowahi kupanga mambo mawili yakaoana namna hiyo.

Sifa yake kuu, iliyonifanya nishike kalamu, ni kwamba dumu halichelewi. Mtambo wa maji wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959. Ruvu Chini ukafuata mwaka 1976, na sensa ya 1978 ikahesabu watu wapatao 843,000 katika mkoa mzima wa Dar es Salaam. Mwaka 2002 walikuwa karibu milioni 2 na nusu, mwaka 2012 milioni 4.36, mwaka 2022 milioni 5.38. Wahandisi hawakulala, tusiwasingizie. Ruvu Chini ulipanuliwa kutoka lita milioni 180 kwa siku hadi milioni 270, na Ruvu Juu kutoka milioni 82 hadi 196. Upanuzi huo ungeutosha mji wowote wenye adabu ya kusubiri, lakini Dar haina adabu hiyo. Mhandisi anapochora, viwanja vinauzwa Goba. Anapotafuta mkopo, watu wameshapaua Chanika. Anapokata utepe, kule Msumi na Mabwepande kuna watoto wanaoanza darasa la kwanza na hawajawahi kuona maji yakitoka ukutani.

Bomba lina masharti mengi. Linataka upembuzi yakinifu, zabuni, mfadhili, fidia ya nyumba zilizojengwa juu ya njia yake, kisha uzinduzi, kisha marekebisho ya kasoro zilizoonekana baada ya uzinduzi. Dumu linataka mkono tu. Familia ikihamia Jumamosi kwenye nyumba isiyo na madirisha, dumu nalo limehamia Jumamosi hiyohiyo, liko juu ya kigari cha Kirikuu pamoja na godoro na kabati, na jioni limeshaleta maji ya kusongea ugali. Mahitaji yakiongezeka kwa mtu mmoja, huduma inaongezeka kwa dumu moja. Mipango miji ya nchi hii imetafuta uwiano huo kwa miaka mingi, kumbe ulikuwa umesimama mlangoni.

Oktoba 2022 mvua zilichelewa, mto Ruvu ukashuka, na jiji likatangaziwa mgao. Mitambo iliyozoea kutoa zaidi ya lita milioni 400 kwa siku ikabaki na takriban 300. Ratiba zikatoka: mtaa huu Jumatatu, mtaa ule Alhamisi. Viongozi waliomba radhi, na mto ukalaumiwa mbele ya waandishi wa habari. Dumu halikuomba radhi, kwa sababu halikuwa limeahidi kitu. Liliinuliwa uani, likapanguswa vumbi, likaenda kazini.

Nenda ukalitazame kazini alfajiri, pale kwa mwenye nyumba anayewauzia majirani maji ya bomba lake. Madumu yamejipanga tangu usiku na wenyewe wamelala. Kila moja lina kitambulisho: herufi mbili za rangi nyekundu, kipande cha kanga kilichofungwa kwenye mshikio, tobo la msumari wa moto sikioni. Nchi hii ina foleni nyingi, za benki, za hospitali, za mwendokasi, na katika zote hizo mtu mzima mwenye tai atakukanyaga ili apite. Sijaona anayethubutu kuliruka dumu la mama lishe. Akithubutu, mahakama inakaa hapohapo, na hukumu inasomwa kwa sauti ya juu, ikianzia kwa wazazi wake. Wasomi wetu huandika vitabu vinene kuhusu utawala wa sheria. Wangeweka mkeka pale bombani usiku mmoja, wangepunguza kurasa.

Kwenye bei sifa zake zinang'aa zaidi. Uniti moja ya maji ni lita 1,000, yaani madumu 50. Mwenye bomba ndani ya nyumba alikuwa akilipa chini ya shilingi 2,000 kwa uniti hiyo. Mwenye dumu, siku za mgao, akinunua kwa wenye mikokoteni kwa shilingi 500, alilipa 25,000 kwa maji ya mto uleule, tena akayanyanyua mwenyewe kuyapeleka jikoni. Wapo watakaoita jambo hili dhuluma. Mimi naona ni heshima. Katika jiji ambalo barabara nzuri, taa za barabarani na kivuli vyote vimeelekezwa Masaki, angalau kwenye bei ya maji Tandale inaongoza, na inaongoza kwa mbali. Msije mkasema maskini hawachangii maendeleo. Wala simlaumu msukuma mkokoteni: madumu kumi ni kilo 200 kabla hujauhesabu mkokoteni wenyewe, na milima ya Kimara haina huruma. Kimara, ndiyo, ambako matangi ya Ruvu Juu yanaonekana kutoka mbali, na ambako kwa miaka mingi watu waliyatazama wakiwa wameinama nyuma ya mikokoteni.

Kila mwenye sifa ana wabaya wake. Wabaya wa dumu wanasema linaleta kipindupindu, na wanakumbusha mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ukasambaa mikoani. Nalitetea. Dumu lina mdomo mwembamba, mkono wa mtoto haupiti, wala kikombe kilichotoka chini ya meza hakipiti. Ndoo iko wazi kwa wote, na kila mwenye kiu anachovya vidole vyake humo. Wataalamu wa afya wenyewe hupendekeza chombo chenye mdomo mdogo kwa maji ya kunywa, kwa hiyo kabla ya kulishtaki dumu watazame kwanza maji yalikotekwa. Kuhusu ute wa kijani unaoota ndani, dawa yake kila mama anaijua: kokoto kidogo, sabuni ya unga, maji robo, kisha mpe kijana mwenye hasira alitikise. Mfuniko ni suala gumu zaidi. Mfuniko halisi hupotea wiki ya kwanza, na zamani tuliziba kwa mfuko wa plastiki uliokunjwa. Juni 1, 2019 serikali ikapiga marufuku mifuko hiyo, na tangu hapo gunzi la mhindi limepanda cheo. Dumu lenyewe, ambalo ni plastiki tupu kuanzia kitako hadi shingoni, halikuguswa. Aliyeandika kanuni zile alijua atakachooga nacho kesho yake.

Shtaka la pili ni la uzito, na hili sitalikwepa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu anahitaji lita 50 hadi 100 kwa siku ili anywe, apike, aoge na kufua bila kubana. Chukua kile kiwango cha chini kabisa, 50, kwa nyumba ya watu watano. Ni madumu kumi na mawili na nusu, kila siku ya Mungu. Hiyo nusu hubebwa na mtoto. Anaanza na kidumu cha lita tano, akifika darasa la pili anapewa cha kumi, na siku akifungwa ngata akatwishwa ishirini bila kuyumba, nyumba inajua imepata mtu mzima, na mara nyingi mtu mzima huyo ni msichana wa miaka kumi na mbili ambaye saa moja na nusu anatakiwa awe mstarini shuleni. Nilikusudia kuweka hapa ushahidi wa shingo zenyewe, lakini nilipokuwa naandika shingo hizo zilikuwa bado kwenye foleni.

Wapinzani wa kibiashara hawajalitisha. Mwaka 2003 kampuni ya City Water, yenye wabia kutoka Uingereza na Ujerumani, ilikabidhiwa kazi ya kuendesha maji ya jiji, na ubinafsishaji ukasemwa ndiyo dawa. Mei 2005 serikali ikavunja mkataba, na wahusika wakaenda kushtakiana kwenye mabaraza ya usuluhishi ya mbali. Dumu halikuitwa kutoa ushahidi, ingawa ndilo pekee lililokuwa likifikisha maji kipindi chote hicho. Simtanki nalo linajivuna juu ya mnara wake Mbezi Beach, likiwa na lita 5,000 na pampu yake, na linalitazama dumu kwa dharau. Simtanki ni dumu lililopata kazi. Mgao ukivuka wiki mbili na boza la maji lisipopokea simu, utamwona mwenye simtanki akimtuma dereva wake akatafute dumu, na atalipakia ndani ya gari lenye kiyoyozi, kwenye kiti cha nyuma.

Wala umaarufu wake hauishii mipakani mwetu. Ghana, madumu ya njano yaliyokuwa yakizungushwa mitaani wakati wa uhaba wa maji yalipewa jina la rais wa wakati huo, John Kufuor, na msanii Serge Attukwei Clottey ameyakata vipande, akavishona kwa waya, na sasa vinatundikwa kwenye kuta za majumba ya sanaa Ulaya na Marekani. Sisi tukilikata tunapata chombo cha kulishia kuku na faneli ya kumiminia mafuta ya taa. Sioni upungufu wowote. Kuku hawaendi kwenye majumba ya sanaa.

Tukirudi nyumbani, kuna bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro: mkataba wa ujenzi wake ulisainiwa Novemba 2022, lihifadhi lita bilioni 190 za maji ya masika kwa ajili ya miezi ambayo Ruvu hukonda. Ni jambo jema, na dumu halina wivu. Limeona Ruvu Juu, limeona Ruvu Chini, limeona visima virefu vya Kigamboni, na kila kimoja kilikuwa kinakuja kulistaafisha. Kila kimoja kilipofika kilikuta watu wengi kuliko walioandikwa kwenye michoro, na dumu likaombwa liendelee kwa mkataba wa muda.

Anayetaka kununua lake basi anuse kwanza. Lililobeba mafuta ya kula linasafishika, lililobeba mafuta ya taa halisafishiki hata ulitikise mpaka Pasaka, na lililobeba dawa ya kunyunyizia mimea liachwe hapohapo lilipo. Abonyeze kitako, akague mshono wa pembeni, adai mfuniko wake halisi hata kama muuzaji atanuna. Na aende mapema, mvua zikiwa bado zinanyesha. Mgao ukishatangazwa, dumu tupu nalo linaadimika sokoni, na likionekana bei yake si ile ya jana: kila nyumba inataka matatu ya nyongeza siku hiyohiyo, na wakaanga chipsi, hata wakikaanga usiku kucha, hawawezi kumaliza mafuta kwa kasi hiyo.