Ngeli za Gitaa la Kutelezesha: Uainishaji Mpya Ambao Hakuna Aliyeuomba

Kwa miaka mingi wataalamu wa bluzi ya mashambani, kule kusini mwa Marekani, wamewaainisha wapigaji gitaa kwa majimbo: hawa wa Mississippi, wale wa Texas, wengine wa Georgia. Mfumo huo una kasoro moja tu: wapigaji wenyewe walikuwa wakidandia treni. Makala hii inapendekeza mfumo wa ngeli, ambao kila aliyepita darasa la Kiswahili anaufahamu na kuuogopa. Kinachoainishwa ni kile kitu ambacho mpigaji hukitelezesha juu ya nyuzi badala ya kuzibana kwa vidole, ili sauti ipande na kushuka bila kukanyaga ngazi.

Ngeli ya KI-VI (kisu). Shahidi mkuu ni W. C. Handy, kiongozi wa bendi. Katika tawasifu yake ya 1941 anasimulia kuwa mnamo 1903 hivi alisinzia akisubiri treni iliyochelewa katika stesheni ya Tutwiler, Mississippi. Alipozinduka, mtu mwembamba mwenye nguo zilizochakaa alikuwa kando yake akipiga gitaa huku akigandamiza kisu juu ya nyuzi, mtindo ambao Handy aliufananisha na ule wa Hawaii. Jina la mtu huyo halikuandikwa. Kwa mtafiti hakuna mwanamuziki bora kuliko huyo, maana hawezi kukanusha lolote.

Ngeli ya I-ZI (chupa). Shingo ya chupa hukatwa, kingo zikalainishwa, kisha huvishwa kidole, mara nyingi kile cha mwisho. Hapo vidole vingine hubaki huru kubana nyuzi, jambo ambalo mwenye kisu mkononi hulipata kwa taabu. Tampa Red wa Chicago, aliyevuma mwaka 1928 kwa “It’s Tight Like That”, aliitumia chupa kwenye gitaa lenye mwili wa chuma, akitembea juu ya uzi mmoja mmoja kwa usafi wa kutia wivu.

Ngeli ya U-I (mfupa). Mpigaji gitaa Fred McDowell, ambaye mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax alimrekodi Como, Mississippi, mwaka 1959, alimwona mjomba wake akitelezesha mfupa wa ng’ombe. McDowell mwenyewe baadaye alihamia kwenye chupa, yaani alibadili ngeli akiwa mtu mzima, kosa ambalo sarufi haina adhabu yake. Nyama ya mfupa ule ililiwa na nani? Uwanja huo wa utafiti bado uko wazi.

Ngeli ya U-ZI (uzi). Watoto walichomoa waya kwenye ufagio, wakaukaza ukutani kwa misumari miwili, wakauinua kwa chupa au kipande cha tofali, na kuuchapa huku wakitelezesha kitu juu yake. Nyumba nzima ikawa gitaa, na mama mwenye nyumba akabaki bila ufagio. Gerhard Kubik, aliyetumia miaka mingi akichunguza muziki wa Afrika, ameuhusisha uzi huo mmoja na ala za watoto za Afrika ya Kati.

Ngeli ya PA-KU-MU (mahali). Hapa kinachoainishwa si kitu bali mahali sauti iliponaswa. Paramount, iliyotoa santuri nyingi za bluzi, ilikuwa mali ya kampuni ya viti ya Wisconsin. Kampuni hiyo ilitengeneza pia makabati ya gramafoni, na santuri zikatolewa ili makabati yauzike. Ndiyo maana mpigaji gitaa Charley Patton alisafirishwa mpaka Richmond, Indiana, Juni 1929, akairekodia Paramount nyimbo 14, kila moja ya dakika tatu hivi. Santuri zenyewe zilikuwa za malighafi duni, hata leo msikilizaji hupata nusu bluzi, nusu maandazi yanayokaangwa. Moja ya mpigaji mwingine, Willie Brown, ya mwaka 1930, haijapatikana nakala hata moja. Sifa zake hazina mpinzani.

Mgogoro. Mfumo huu unakwama kwa Blind Willie Johnson, kipofu wa Texas aliyeimba nyimbo za dini. Desemba 1927, mjini Dallas, alirekodi “Dark Was the Night, Cold Was the Ground”, ambamo hatamki neno lolote: anaguna, na gitaa linaguna naye. Katika nyimbo zake nyingine huanza mstari akauacha katikati, na gitaa likaumalizia. Je, alitumia kisu au chupa? Wataalamu wangali wanavutana. Mwaka 1977 wimbo ule wa kuguna ulirushwa angani pamoja na vyombo viwili vya anga vya Voyager, na atakayeupokea huko ataurithi mgogoro wetu.

Suluhisho liko kwenye sarufi yenyewe. Kipofu, kijana na kiongozi wana umbo la KI-VI, lakini kwa kuwa ni viumbe hai hupatanishwa kama A-WA: kipofu anaimba, wala si kipofu kinaimba. Napendekeza kanuni hiyo ienezwe. Kisu, chupa na mfupa vibaki katika ngeli zao vikiwa jikoni. Vikigusa uzi na kumalizia mstari wa mwimbaji, vihamie A-WA. Mwalimu akikuta “kisu analia” kwenye daftari, kabla hajatoa kalamu nyekundu, apigiwe kwanza ile santuri ya Dallas.