Sifa za Chupa ya Mrija

Rubani ana sare na kofia. Hata mkanda wa kiti una dakika zake za kuhubiriwa kila safari, na abiria wote wanyamaze. Chupa ya mrija ya mtoto, ile ya plastiki yenye picha ya twiga, hupanda ndege na kushuka bila mtu kuitungia hata ubeti mmoja. Dhuluma hii imedumu vya kutosha.

Tuanze na cheo chake. Agosti 2006 polisi wa Uingereza walifichua njama ya kulipua ndege zinazovuka Atlantiki kwa vilipuzi vya majimaji, na tangu hapo viwanja vingi duniani vikaweka kikomo cha mililita 100 kwa kila kichupa cha mkononi. Ndipo tukaanza kumwona mheshimiwa, suti imenyooka, akiyaaga marashi yake ya bei mbaya yanapotumbukizwa pipani. Nyuma yake anafika mama na chupa ya maziwa, chupa ya mrija, na chupa ya chai iliyojaa uji wa ulezi, naye anapita, kwa kuwa nchi nyingi zimemwachia mtoto mdogo riziki yake ya njiani. Atakaguliwa, hilo halina ubishi. Uji utatikiswa, utafunguliwa, utanuswa, utatazamwa kwa jicho la shaka ambalo bibi zetu wangelichukulia kuwa ni tusi. Siku zile za mwanzo kule Uingereza mzazi alitakiwa hata ayaonje maziwa ya mwanawe mbele ya mkaguzi. Kuonjewa kinywaji kabla hujanywa ilikuwa heshima ya masultani; mtoto wa miezi minane aliipata akiwa amelala.

Lakini utukufu wa chupa hii hauko chini, uko juu. Ndege huruka mita 10,000 na zaidi, ila hewa ya ndani hupunguzwa kiasi tu, ikawa kama ya mlima usiozidi mita 2,400 hivi. Sasa chupa iliyofungwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, imebeba hewa ya Dar es Salaam, nayo haipendi kubanwa. Huko juu inataka kutanuka kwa karibu theluthi moja, na mlango ni mmoja tu, mrija. (Chupa za Nairobi zina adabu zaidi, kwa sababu zimeshazoea mwinuko tangu nyumbani. Sisi wa pwani ndio tunaosafiri na mabomba.)

Basi mtoto anaomba juisi. Mama anabonyeza kifuniko, mrija unachomoka, na ukwaju unatoka wenyewe bila kunyonywa, unapaa juu ya mkono wa kiti na kutua kifuani mwa kanzu nyeupe ya mzee anayekwenda harusini Muscat.

"Yarabi! Niwie radhi, babu."

Mzee analitazama doa, kisha anamtazama mtuhumiwa, ambaye anacheka.

"Haidhuru, mwanangu. Labda kofia yangu italiziba?"

Kofia haifiki kifuani, bila shaka. Ncha ya kanga inaloweshwa maji, doa linasuguliwa, doa linazidi kutanda. Kabla chakula hakijaletwa imeshabainika kwamba mama ana shangazi aliyeolewa Wete, nyumba ya tatu na kwao mzee. Niambieni ni chombo gani kingine ndani ya ndege, pamoja na vioo vyote vya sinema, kinachounganisha koo namna hiyo. Togwa sitaitaja. Yenyewe ina gesi yake hata ikiwa imetulia mezani, na anayeipandisha ndege ana jambo na majirani zake.

Chupa ni tabibu pia. Ndege inaposhuka masikio huziba, na dawa yake ni kumeza, kwa sababu kumeza hufungua kijia kinachotoka kooni kwenda sikioni. Mtoto mdogo huwezi kumweleza haya, mpe mrija. Ubaya ni kwamba kufikia wakati huo hakuna kitu ndani ya mrija. Mwenyewe alikunywa karibu yote ndege ikiwa bado inangoja zamu ya kuruka, na yaliyobaki yameilowesha suruali ya baba, maana mtoto asiyefika miaka miwili kwa kawaida hana kiti, ana magoti ya mtu. Hewa ya ndani nayo ni kavu kupindukia, mara nyingi unyevu wake hauvuki asilimia 20, kwa hiyo atataka kunywa tena. Atataka alichonacho jirani. Na haja ndogo ataikumbuka taa ya mkanda ikiwaka.

Wewe unayesafiri karibuni na mdogo wako, ipitishe chupa ya maji ikiwa tupu, uijaze ukishavuka ukaguzi, na uijaze hadi shingoni, kwani kinachotanuka ni hewa, wala si kinywaji. Ndege ikishatulia angani legeza kifuniko taratibu, kitambaa kikiwa juu yake, kabla hujauinua mrija. Ukwaju uache nyumbani, chukua maji. Na unapoufungua mrija, uelekeze kwa baba mtoto.