Kampuni Yenye Wazazi Watano
Roadster, gari la kwanza la Tesla, lilijengwa kwa kuazima mifupa ya Lotus Elise ya Uingereza, likajazwa betri ndogo 6,831 za aina ya zile za kompyuta mpakato, kisha likabandikwa bei ya zaidi ya dola 100,000. Hesabu ya waasisi nayo iliungwaungwa vivyo hivyo. Martin Eberhard na Marc Tarpenning walianzisha kampuni mwaka 2003. Elon Musk akaleta fedha 2004. Kufikia 2009, kesi kati ya Eberhard na Musk kuhusu nani aitwe mwasisi ilipoisha kwa maelewano, waasisi walikuwa watano. Kampuni nyingine changa huongeza wafanyakazi, hii iliongeza wazazi! Eberhard alikuwa ameshavuliwa ukurugenzi mkuu 2007, na Roadster ya kwanza, 2008, ikakabidhiwa kwa Musk. Gari lenyewe lina viti viwili tu, kwa hiyo ilibidi mtu ashuke.