Namna ya Kumlaumu Refa Bila Kupoteza Sauti

Mwongozo huu ni wa shabiki wa Shabana, timu yetu ya Kisii, na kwa ukarimu wetu tunamruhusu yeyote anayetazama mpira kati ya Suneka na Nyansiongo autumie. Hauhitaji uwe umewahi kucheza. Ukiwa umewahi kucheza utapata taabu kuufuata, maana utaanza kumwonea mchezaji huruma, na huruma haina kiti jukwaani.

Hatua ya kwanza: fika na hukumu mkononi. Ukishashuka matatu mjini Kisii, kabla hujakaribia lango la Uwanja wa Gusii, muulize mwenzako refa wa leo ni nani. Akikutajia jina lolote lile, tikisa kichwa, shusha pumzi, sema, "Aah, huyu." Usiongeze neno. Refa akiwa ametoka Nairobi, ametumwa. Akiwa wa Kisumu, kila mtu anajua roho yake iko kwa nani. Akiwa wa Mombasa, baridi yetu itamchanganya akili. Na akiwa Mkisii mwenzetu, huyo ndiye wa kuogopwa kuliko wote, kwa sababu atataka kuonyesha kwamba hana upendeleo, na gharama ya uadilifu wake tutailipa sisi.

Hatua ya pili: kaa mahali usipoona vizuri. Nyuma ya mwanamume mwenye mwavuli panafaa sana. Kisii mvua hunyesha karibu miezi yote ya mwaka na hupenda alasiri, saa zile zile za mechi, kwa hiyo miavuli haitakosekana. Utaona mguu hapa, kisogo pale, mpira ukipita katikati ya bega na bega. Kwa vipande hivyo toa uamuzi mara moja, kwa sauti. Anayeona vizuri husitasita. Wewe huna sababu ya kusita.

Ukipata bahati, keti karibu na mzee mwenye redio. Yupo kila mechi, koti zito, kofia, redio ndogo imebanwa sikioni ilhali mchezo wenyewe uko mbele ya macho yake. Straika wetu anaanguka ndani ya kisanduku.

"Omogaka, hiyo si penalti?" kijana anamuuliza.

Mzee anainua kidole: ngoja. Anasikiliza. Mpira umeshafika upande wa pili wa uwanja, kona imeshapigwa, kipa ameshaudaka. Ndipo mzee anapoteremsha redio.

"Ni penalti," anatangaza. "Ametuibia."

Na watu wa safu tatu, ambao dakika moja iliyopita walikuwa wameshalisahau jambo hilo, wanasimama upya kumzomea refa. Kwa hiyo ukikosa hoja ya kulalamikia, kaa tu karibu na redio.

Hatua ya tatu haipo. Refa ameikataa, eti ilikuwa imeotea.

Hilo la kuotea linataka maelezo. Sheria inasema mshambuliaji ameotea ikiwa kichwa chake, kiwiliwili au mguu uko karibu na mstari wa goli kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho, pale mwenzake anapoupiga mpira. Mikono haihesabiwi. Aliye sambamba na beki yuko salama. Maana yake ni kwamba mshika kibendera anatakiwa amtazame anayepiga pasi na anayeipokea kwa wakati mmoja, huku akikimbia pembeni kwenye matope, huku mama mmoja nyuma yake akimuuliza kama kwao hawana macho. Wewe hayo yasikubabaishe. Simama, nyoosha mkono, chora mstari hewani, apa kwamba alikuwa ndani kwa hatua mbili. Sisi ni watu ambao tumeshindwa kukubaliana mpaka wa Kisii na Nyamira upite wapi pale Keroka, mji ambao haujahama hata inchi moja, na kaunti zote mbili zimekuwa zikiudai pamoja na ushuru wa soko lake. Lakini mpaka wa kuotea, ambao unasogea kila sekunde, huo sote tunauona bila shida.

Sasa tuje kwenye sanaa ya kujiangusha, kwa kuwa hapa ndipo shabiki huonyesha ukomavu wake wa kimaadili.

Kanuni ni nyepesi. Mchezaji wao akianguka, ni tapeli, apewe kadi ya njano, maana ndivyo sheria inavyosema kuhusu anayemhadaa mwamuzi. Wa kwetu akianguka, ameumizwa, na ikiwa hakuguswa, basi alikuwa akikwepa kuumizwa, jambo ambalo ni baya zaidi. Usiruhusu mtu akulinganishie mianguko hiyo miwili. Haifanani. Mmoja ulifanywa na mtu aliyevaa jezi isiyo yetu.

Kwa mchezaji mwenyewe, ushauri wa kitaalamu ni huu. Anguka upande wa jukwaa lenye watu. Piga ukelele baada ya kuguswa, si kabla. Wengi hukosea hapo. Kumbuka ni mguu upi unaouma, maana machela ikifika utaulizwa. Na usishike uso ikiwa umegongwa paja: mwaka 2002, kwenye Kombe la Dunia, Rivaldo wa Brazil alipigiwa mpira na Mturuki kule kwenye kona, ukampiga pajani, naye akaanguka ameushika uso kama aliyemwagiwa pilipili. Mturuki alitolewa kwa kadi nyekundu. Rivaldo alikuja kutozwa faini na FIFA kwa sababu kamera ziliona. Ligi Kuu yetu haina VAR, kwa hiyo unaweza kudhani uko salama. Huko salama. Udongo wetu mwekundu ndio VAR yetu. Siku ya mvua ukijiangusha Gusii unaacha mfereji, na mfereji hausemi uongo: unaonyesha ulipoanzia, na mara nyingi ulianzia hatua mbili kabla beki hajafika. Nimewahi kuona beki akimshika refa mkono na kumpeleka kwenye alama ya matope kama mkulima anayemwonyesha chifu nyayo za ng'ombe aliyeingia shambani. Refa alitazama, akatafakari, akampa beki kadi ya njano kwa kumshika mkono.

Ukitaka kujua uamuzi unavyokuwa mgumu kweli, achana na Ligi Kuu kidogo upande Nyamira mwezi wa Desemba, wakati wanasiasa wanapokumbuka kwamba vijana wanapenda mpira. Mashindano ya kijiji. Zawadi ni jezi, mipira na fahali aliyefungwa kwenye mti karibu na goli, akitazama mchezo kwa wasiwasi wa mtu anayejua matokeo yoyote hayatamsaidia. Uwanja ni wa shule ya msingi na uko mlimani kama mambo yetu yote, kwa hiyo timu moja hucheza ikipanda na nyingine ikiteremka, na baada ya mapumziko wanabadilishana, ila kufikia wakati huo mvua imeshaanza na hakuna anayejua tena nani alipata nafuu. Mistari ilichorwa kwa majivu asubuhi. Saa kumi mvua imeshaiosha yote. Mpira ukitoka upande wa chini unaingia kwenye shamba la chai, na timu inayoongoza hutuma mtoto mmoja, mdogo, asiye na haraka, akautafute.

Refa wa hapo ni mwalimu. Nusu ya wachezaji amewafundisha, na wazazi wao wamesimama kandokando. Akitaka kumpa mtu kadi, anaanza kwa kumwita kwa jina la ubatizo, kisha anamkumbusha baba yake. Akitoa penalti, mwenyekiti wa kamati anaingia uwanjani na mwavuli kumsihi, "Mwalimu, tafadhali, tufikirie amani." Naye anafikiria amani. Mpira unadundwa. Kila upande unaondoka ukisema umeonewa, na hiyo ndiyo maana halisi ya kuamua kwa haki.

Nimefika sasa kwenye nafasi zinazopotezwa, na hapa naomba tuongee polepole kwa sababu ni jambo linalouma.

Goli lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44. Hivyo ni vipimo vya dunia nzima, na hakuna mtu aliyekuja usiku kulipunguza lile la upande wa mjini, hata kama jirani yako anaapa. Alama ya penalti iko mita 11 kutoka kwenye mstari. Wewe ukiwa jukwaani, na mahindi ya kuchoma mkononi, ungefunga. Hili halina ubishi. Ungefunga ukiwa na viatu vya mpira, ungefunga kwa mguu wa kushoto, na mara ya mwisho kupiga mpira ulikuwa darasa la sita. Kwa hiyo straika akipaisha, shika kichwa kwa mikono miwili, mgeukie mtu usiyemjua kabisa, na umuulize, "Hata mimi?" Atakujibu, "Hata wewe." Undugu wa jukwaani umejengwa juu ya maneno hayo mawili.

Katika kumbukumbu zako weka akiba ya nafasi kubwa kubwa zilizopotezwa, uzitaje kwa mpangilio. Anza na Asamoah Gyan, tarehe 2 Julai 2010, Johannesburg: Suárez ameuzuia mpira kwa mikono kwenye mstari, dakika ya mwisho ya muda wa ziada, Afrika nzima imesimama, na Gyan akagonga mwamba. Wapo wazee Kisii ambao hadi leo hawanunui kitu chochote chenye picha ya Suárez. Kisha shuka hadi Kasarani, Agosti 2025, robo fainali ya CHAN, Harambee Stars wakatolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti, 4 kwa 3. Siku hiyo ilitupa shida, kwa sababu mikwaju ya penalti humwacha refa bila kosa. Tulijitahidi hata hivyo.

Halafu, ili usife moyo, dai mabao ya watu wengine. Mike Okoth aliwahi kuichezea Shabana kabla ya kwenda Ubelgiji. Mwanawe, Divock Origi, alizaliwa huko huko mwaka 1995. Mei 2019 Origi aliifunga Barcelona mabao mawili, Liverpool wakashinda 4-0, na Juni akafunga bao la pili kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa mjini Madrid. Hesabu ni rahisi: hayo ni mabao matatu ya Shabana. Mtu akikuambia mtoto hajawahi kuvaa jezi yetu hata siku moja, mwambie damu haihitaji jezi, kisha ubadilishe mazungumzo upesi kabla hajakuuliza lingine.

Kuhusu sauti, niliahidi. Usiimalize mapema. Kipindi cha kwanza imba tu Tore Bobe, kibwagizo chetu, na wenzako, koo lipate moto. Lawama za dakika ya 20 hazina faida, refa hatazikumbuka. Ziweke hadi dakika ya 80, matokeo yakiwa sare, kipa wao akianza kuugua kila anaposhika mpira. Tangu Julai 2025 sheria mpya inampa kipa sekunde nane tu za kukaa na mpira mikononi, akizidisha inapigwa kona. Kwa hiyo hesabu kwa sauti, uwanja mzima, moja mbili tatu. Tahadhari moja: hesabu kwa mwendo wa saa, si kwa mwendo wa hasira. Nimesikia jukwaa likifika nane kabla kipa hajatua chini.

Lipo pia jambo la kweli kidogo, na mwongozo usiolitaja utakuwa wa kitapeli. Mwaka 2018 mshika kibendera wa Kenya aliyekuwa ameteuliwa kwenda Kombe la Dunia kule Urusi alinaswa na kamera ya siri akipokea dola 600, na safari ikaishia hapo. Kwa hiyo anayeshuku hajarukwa na akili. Ila Shabana walishuka daraja mwaka 2006 na kurudi Ligi Kuu mwaka 2023. Hiyo ni miaka 17 katika ligi za chini, msimu baada ya msimu, uwanja baada ya uwanja, na kwa mujibu wa mashabiki niliowauliza, hakuna hata mwaka mmoja ambao tulicheza vibaya. Lilikuwa kundi kubwa sana la marefa, na lilikuwa na nidhamu ya ajabu.

Kipenga cha mwisho kikilia, mpishe refa apite. Jiwe usiokote: likirushwa, timu ndiyo hutozwa faini, na timu yenyewe haina pesa za kuchezea. Huyo mtu ana matatu ya kuwahi kama wewe, amelowa kuliko wewe kwa sababu hakuwa na mwavuli, na marefa wa nchi hii wamezoea kungojea marupurupu yao kwa muda mrefu. Mwambie tu, "Mwalimu, leo umetuumiza," nawe utakuwa umesikika. Na kama uliingia uwanjani kwa kuruka ukuta, tafadhali, neno "mwizi" waachie walionunua tiketi.